Waya wa Tini

Niliondoka nyumbani Voi Jumanne asubuhi, wiki ya pili ya likizo, kwa sababu kaka yangu alitaka kuliuza gari langu nami sikutaka. Hiyo ndiyo sababu, bila mapambo. Mtu akikuambia kwamba Mwalimu Wakesho alikwenda Mombasa kupunga upepo, mwambie hanijui.

Gari lenyewe ni saluni nyeupe kuukuu, ya otomatiki. Miguu yangu ilipooza nikiwa na miaka mitatu, na mpaka leo natembea kwa magongo. Kwa hiyo fundi wetu wa Voi alinifungia mkono wa chuma kando ya usukani: nikiuvuta, gari linaongeza mwendo, nikiusukuma, linashika breki. Juu ya mkono huo alipachika kisanduku chenye swichi za honi, taa na indiketa, ili kidole gumba kifanye kazi yote. Shule ninayofundisha jiografia iko kilomita kumi na moja kutoka nyumbani. Kabla ya gari hilo nilikuwa nikiinuliwa kila asubuhi na makondakta kama gunia la mahindi, huku abiria wakinionea huruma kabla hata hawajanywa chai. Miaka minne sasa hakuna aliyenibeba. Nalipenda gari lile kuliko vitu vingi, na kuliko baadhi ya watu.

Maradhi yake yalianza mwezi wa tano. Nikishika breki huku indiketa inawaka, taa za dashibodi zinafifia, kisha injini inazima kimya kimya. Ukingoja dakika kumi, linawaka tena na kunguruma vizuri, utadhani mimi ndiye niliyeota. Tulibadilisha betri. Tukabadilisha altaneta, kisha swichi ya ufunguo, kisha fyuzi zote. Kila fundi aliona ugonjwa wake, akautibu, akaenda zake. Gari likaendelea kuzima.

Halafu mwezi wa saba likazima kwenye mwinuko wa Maungu, kaka yangu Mwakio akiwa kando yangu na lori la makontena likiwa nyuma yetu. Dereva wa lori alikata usukani akatupita kwa upana wa kiganja. Mwakio alingoja mpaka tulipofika nyumbani. Hapo akasema, "Wakesho, leo nimekuzika kichwani mwangu. Sitakuzika mara ya pili." Alikuwa akilia. Mwakio huyu huyu hakulia hata kwenye matanga ya baba.

Siku chache baadaye akapata mnunuzi, mtu wa vipuri, aliyelitaka gari ili alikate vipande. Tukabishana siku nzima. Mwishowe tukakubaliana hivi: fundi mmoja wa mwisho, na iwapo hataweza kufikia adhuhuri ya Alhamisi, wiki ya pili ya likizo, Ijumaa yake mnunuzi aje. Nilikubali kwa sababu mwenye kuogopa kunizika alikuwa na haki ya kuogopa. Lakini usiku ule sikula.

Fundi huyo wa mwisho tulimpata kupitia binamu yetu Mghoi, anayekaa Tudor na kufanya kazi ya ofisi bandarini. Alisema kuna mama mmoja wa Mji wa Kale, Bi Zuhura, aliyefufua tuktuk ya jirani yake baada ya mafundi watatu kuikatia tamaa. Tulimpigia simu nikamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo hakuna fundi mwingine aliyewahi kulifanya, kisha akasema, "Mwanangu, huo ni waya wa tini. Uondoeni, mutie mpya."

Waya wa tini! Tulikwenda duka la vipuri, na muuzaji hakusita: akatutolea uzi laini wa kulehemia, ule unaoyeyuka ukiguswa na chuma cha moto. Fundi wetu naye akatikisa kichwa kama mtu aliyekumbushwa jambo. "Ah, tini! Anataka viungo vyote vilehemiwe." Akalehemu siku mbili, kila kiungo. Gari likaenda salama wiki moja, likazima tena mbele ya lango la shule.

Nikampigia simu Bi Zuhura, sauti imenipanda. "Waya wa tini tumetia, mpya kabisa, na bado gari linazima!"

"Mumetia mpya? Na bado?" Akaguna. "Ajabu. Basi nileteeni nilione kwa mato yangu."

Jumanne, saa mbili asubuhi, tukashika barabara. Mwakio alikaa kushoto kwangu na kuuweka mkono wake juu ya breki ya mkono, akauacha pale. Nilimwuliza kama ameukodisha mahali hapo. Hakucheka. Maungu tulipita mimi nikiimba kwa nguvu ili asisikie moyo wangu, na kutoka hapo nyika ikatandaa pande zote mbili, vichaka vya kijivu na udongo mwekundu, mpaka Taru na kuendelea.

Mariakani gari likazima. Tulikuwa kwenye foleni ya malori, tumesimama, kwa hiyo halikumdhuru mtu. Tulingoja dakika zetu kumi tukila ndizi. Mwakio alijaribu kuwasha taa za hatari, hazikuwaka. Akaniangalia tu, nami nikaangalia dirishani, na kijana muuza korosho akadhani nataka korosho.

Saa nane mchana tulivuka Makupa tukaingia kisiwani. Joto la Mombasa halikupigi kama la Voi, linakuvaa. Mghoi alitungoja kwenye ngazi za nyumba yake Tudor akiwa na jagi la maji ya ukwaju, na neno lake la kwanza lilikuwa, "Mgeni njoo, mwenyeji apone! Limezima mara ngapi?"

"Mara moja," nikasema.

"Mara moja na nusu," akasema Mwakio. Hiyo nusu aliizua.

Jumatano asubuhi, kabla Ndia Kuu haijajaa watu, niliingiza gari polepole hadi penye duka la Bi Zuhura. Ni chumba kimoja cha chini katika nyumba ya mawe, pembeni mwa kijiuwanja kinachotosha gari moja na paka watatu. Kuna mlango wa mbao wenye nakshi, na ndani ya mlango huo mzuri kuna dainamo kuukuu, mikunjo ya nyaya na harufu ya grisi. Bi Zuhura alitoka akiwa amejifunga kanga kiunoni juu ya dera, miwani imefungwa kwa uzi shingoni. Namkadiria miaka sitini na kitu. Mwakio tayari alikuwa ameshafungua boneti.

Bi Zuhura hakuitazama boneti. "Hamjambo? Safari njema? Hali zenu? Na walobaki nyumbani, hawajambo?" Tukajibu. Akaulizia hali ya Mghoi, ambaye hakuwapo. Akauliza mvua ya Voi. Akaleta kahawa chungu na vipande vya halua, tukaketi kwenye baraza, na Mwakio alikuwa akitikisa goti mpaka kikombe chake kikalia. Mwisho kabisa Bi Zuhura akasema, "Haya, mgonjwa yuko wapi?" na yuko hapo mbele yake.

Aliniambia kazi hii aliipata kwa mumewe. "Yeye akilala chini ya magari, mimi nikimpa spana. Alipofariki, spana zikasalia kwangu. Ningezifanyani, nizipike?"

Siku ile nzima alifanya kazi kwa mpango ambao sijauona kwa fundi yeyote. Hakung'oa kitu. Alikuwa na kitaa kidogo chenye waya mbili, na alikigusisha hapa na pale, akifuata kila waya kutoka mwanzo hadi mwisho kabla ya kugusa mwingine. Alikifungua kisanduku cha swichi, akakisafisha, akakuta waya mmoja umekatika nusu. Akauunga. Ule waya wa tini hakuutafuta hata kidogo. Alisema, "Huo mumeshautia mpya, nitaupotezea wakati wa nini?"

Saa kumi alasiri aliniambia nijaribu. Nilitoka uwanjani, nikashika Ndia Kuu, nikawasha indiketa, nikasukuma breki.

Likazima.

Lilizima katikati ya njia, mbele ya duka la vinyago. Nyuma yangu mkokoteni wa maji, nyuma ya mkokoteni tuktuk mbili, na honi zikaanza. Vijana sita wakaja, watu wema, wakaniambia, "Keti tu mama, sisi twakusukuma." Wakanisukuma. Niliketi nyuma ya usukani nikiwa sifanyi lolote, na watu madukani wakinitazama kwa macho yale yale niliyoyajua tangu utotoni. Nililia, sikuona haya kulia. Mwakio, akisukuma upande wangu wa dirisha, aliona. Tulipofika uwanjani akatoa simu akaenda pembeni, nikamsikia akimwambia mnunuzi, "Ijumaa asubuhi, njoo."

Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika hapa. Yeye alijibu neno moja tu, "Maungu." Tulirudi Tudor kwa tuktuk bila kusemezana, na Mghoi alitupikia wali wa nazi na samaki wa kupaka, tukala kama watu walio msibani.

Alhamisi, saa tatu asubuhi, tulimkuta Bi Zuhura ameketi barazani bila spana, analitazama gari tu. Akanipungia mkono nikae kando yake.

"Hebu nambia, mwalimu. Wewe ndiwe mwenye kulishika. Kabla halijazima, wahisi nini?"

Nikafikiri. "Taa zinafifia."

"Hilo ni la mato. Nakuuliza la mkono."

"Mkono wa chuma unapata joto," nikasema.

Akageuka kunitazama. "Joto gani?"

"Kama kikombe cha chai. Nilidhani ni jua la kwetu."

"Hata asubuhi? Hata ukiwa kivulini?"

Hapo nikakumbuka. Hata asubuhi. Hata siku ya mvua.

"Na mbona hukunambia?"

"Bi Zuhura, hakuna aliyeniuliza. Mafundi wote huzungumza na Mwakio."

Akamtazama Mwakio, Mwakio akatazama paka. Bi Zuhura akanyanyuka. "Basi umeme wapita humo. Sikiliza, mwalimu. Umeme una ndia ya kwenda na ndia ya kurudi. Huu wako umekosa ndia ya kurudi, ndipo ukapita kwenye mkono wa chuma, pamoto, pembamba. Ukizidi, ndia haitoshi, gari lafa. Lakini maradhi hayo ni ya waya wa tini, nanyi mwasema ni mpya. Hebu nionyesheni huo mpya."

Mwakio alifurahi kupata la kufanya. Alifungua buti, akapekua, akarudi na mabaki ya ule mkunjo wa uzi wa kulehemia, akampa kwa mikono miwili.

Bi Zuhura akavaa miwani. Akaugeuza huku na huku. "Hii ni nini?"

"Tini," akasema Mwakio.

"Hii ni ya kulehemia."

"Ndiyo, Bi Zuhura. Tini. Waya wa tini. Si ulituambia?"

Kisha yule mama akaanza kutikisika mabega. Alijaribu kujizuia, akashika mlango, miwani ikamdondoka ikabaki inaning'inia kwenye uzi. "Sikuteki," akawa anasema huku machozi yanamtoka, "wallahi sikuteki!" Halafu akainama, akapiga sakafu ya uwanja kwa kiganja, paa, paa. "Tini! Hapa! Si yuu, mwanangu, tini!"

Niliitazama ile sakafu. Niliposikia mato kwenye simu nilijua ni macho. Kila nikipita Ndia Kuu najua ni njia kuu. Sasa hivi amesema hateki, yaani hacheki, na anacheka mbele yangu. Na mimi, niliyefundisha miaka ishirini na mbili, nilipoambiwa tini nikakimbilia dukani.

"Chini," nikasema. "Waya wa chini."

Mwakio akashika kichwa. "Athi! Alikuwa anasema athi!" Maana kwetu mafundi huuita hivyo, ule waya mnene unaorudisha umeme kutoka injini hadi kwenye bodi ya gari, na fundi wetu angesikia athi angeukagua kabla chai haijapoa. Siku mbili za kulehemu, safari nzima, mnunuzi ameitwa, kwa ajili ya herufi moja.

"Kuuliza si ujinga, mwalimu," akasema Bi Zuhura akijifuta macho. Sentensi hiyo imebandikwa ukutani darasani kwangu. Niliibandika mwenyewe.

Akachukua kwanza kipande cha waya mnene, akakishika upande mmoja kwenye injini na mwingine kwenye bodi. "Washa. Shika breki. Tia indiketa, taa, honi, kila kitu." Nikatia. Taa hazikufifia. Akaondoa waya, zikafifia. Akarudisha, zikang'aa. Akafanya hivyo mara tatu, na mara ya tatu nadhani alikuwa anafanya kwa ajili yetu tu, kama mtu anayemwonyesha mtoto mchezo.

Kisha akamlaza Mwakio chini ya gari kwa kuwa mgongo wake mwenyewe unauma. Alimwongoza kwa sauti. "Hapo chini, mkono wa chuma ulipofungiwa, tafuta bolti."

"Nimeiona."

"Waya mnene umeishia hapo?"

"Umeishia."

"Ifungue. Ndani yake mna nini?"

Tukasikia spana. "Rangi," akasema Mwakio kutoka chini. "Rangi nyeupe. Na kutu."

Kumbe siku ile fundi alipofunga mkono wangu wa chuma, waya ulimzuia nafasi. Akausogeza, akaukaza upya juu ya rangi, na umeme haupiti kwenye rangi. Miaka minne ulipenya palipokwaruzwa na bolti, mpaka kutu ikapaziba. Gari lilifungwa mkono huo ili nisimtegemee mtu, na katika kuufunga ndipo likaharibiwa. Sikumkasirikia yule fundi. Ningemkasirikia, ningelazimika kujikasirikia na mimi kwa kutouliza tini ni nini.

Mwakio alisugua kwa msasa mpaka chuma kikametameta, Bi Zuhura akampa waya mpya, mnene kama kidole changu, na akamwamuru akaze mpaka aseme basi. Adhana ya adhuhuri ililia akiwa bado anakaza. Bi Zuhura akaenda kuswali. Sisi wawili tukabaki kwenye kivuli cha ukuta, Mwakio amejaa grisi na mchanga mpaka masikioni.

"Ni adhuhuri," akasema.

"Nimesikia."

"Tungoje aje atuambie tujaribu." Akasema hivyo kwa sauti ndogo, na nikajua kwamba kutoka chini ya gari ameombea lile gari lipone. Sikumwambia kwamba najua.

Bi Zuhura aliporudi tulizunguka mpaka Ngomeni na kurudi, yeye akiwa kiti cha nyuma ametulia kama bi harusi, kila swichi imewashwa, hata vifuta mvua juani. Watu walitushangaa. Mbele ya duka la vinyago nilisukuma breki makusudi, indiketa inawaka. Injini ikanguruma tu. Wale vijana wa jana walikuwepo. Mmoja akaniinulia mkono, nami nikampigia honi ndefu kuliko inavyoruhusiwa na adabu.

Saa nane tukaagana. Bi Zuhura alinishika mkono wa kulia, akakipapasa kiganja. "Ukipata joto tena, usimwambie ndugu yako. Nipigie mimi." Ule mkunjo wa kulehemia alikataa kuurudisha. Alisema atautundika dukani awaonyeshe wenziwe.

Tulipita Tudor kumuaga Mghoi na kuchukua mizigo, tukavuka Makupa, tukapanda Mazeras. Mwakio aliuweka mkono wake juu ya breki kama kawaida. Mariakani tulisimama kwenye foleni robo saa na gari likangoja kwa adabu. Mahali fulani kabla ya Taru nilimwuliza kwa nini muda wote mafundi wanapozungumza naye hakuwahi kuwaambia, mwulizeni dada yangu, yeye ndiye dereva. Alikwangua grisi kidoleni.

"Nilidhani nakupunguzia kazi," akasema.

"Umenibeba, Mwakio."

Akaitika kwa kichwa. Hilo ndilo nililojifunza Mombasa, ukiacha herufi moja ya Kimvita: kwamba kwa miezi mitatu jibu lilikuwa mkononi mwangu, lina joto kabisa, nami nilingoja niulizwe. Wanafunzi wangu wakirudi nitawaambia, ingawa najua watacheka.

Maungu tuliifikia jua likiwa limeanza kulala upande wetu. Lori lilikuwa mbele, lori lilikuwa nyuma. Niliwasha indiketa, nikashika breki kidogo, nikaachia, nikapanda. Nilitaka kumwambia Mwakio atazame, tunapita pale pale. Nikageuka.

Alikuwa amelala. Mdomo wazi, mikono yote miwili mapajani, vidole vyeusi kwa grisi. Simu yake ikaanza kulia juu ya dashibodi, na kwenye kioo chake palikuwa pameandikwa Mnunuzi. Hakuamka. Niliiacha ilie mpaka ikanyamaza yenyewe, kisha nikauvuta mkono wa chuma, ambao ulikuwa baridi, tukaendelea nyumbani.